Miguu ya Tereza Ilistaafu Peke Yake

Jumanne ya chanjo, Tereza alikuwa ameshachoma sindano watoto kumi na saba alipoletewa barua. Zahanati yao, nje kidogo ya Sumbawanga, ilikuwa na muuguzi mmoja tu, ndiye yeye. Siku hiyo alitimiza miaka sitini. Godoro na ndoo vilikuwa mlangoni, vimefungwa kamba. Alikuwa anarudi kwao Laela kumtunza mama yake, Agnesi, aliyekuwa hawezi tena kujiogesha vizuri. Miaka yote alimwambia: nikistaafu, mama.

Barua ilisema mbadala wake hajapatikana, aendelee mwaka mmoja.

Tereza akaisoma, akaikunja, akaita mtoto wa kumi na nane. Miguu yake haikusubiri. Ilishuka kwenye kiti, ikavaa kandambili, ikatoka.

Kule stendi ikapanda basi la Tunduma, linalopita Laela. Konda akauliza mwenyewe yuko wapi.

"Kazini," abiria mmoja akamjibu. "Hawajamruhusu."

Konda akaandika nusu tiketi.

Tangu hapo Cleophas, tabibu wa zahanati, alimbeba Tereza kila asubuhi kutoka kitandani hadi mezani. "Afadhali, dada," alimtania. "Sasa hutatutoroka." Tereza alicheka kidogo, akaomba pamba.

Laela ulikuwa msimu wa maharage. Agnesi alidondosha mbegu kwenye matuta, na miguu ya binti yake ikaja nyuma ikifukia kwa nyayo, kama alivyoifundisha ikiwa midogo. Jioni waliota moto.

"Kufukia unafukia vizuri, mwanangu," Agnesi aliiambia. "Ila mgongo wangu nani ataufikia?"

Miguu ikamsogelea, ikaishia hapo. Jirani, Monika, ndiye aliyekuja na maji kumwogesha, siku akipata nafasi.

Wenye mabinti, tusidanganyane. Mtoto akikwambia nikistaafu, mama, mwambie aje Jumamosi.

Machi iliyofuata ikaja barua ya pili, maneno yale yale, tarehe tu mpya. Wiki hiyo hiyo Agnesi alifariki. Alikuwa hajaogeshwa siku nne, maana Monika naye alikuwa anaumwa. Tereza aliomba ruhusa. Cleophas hakumkatalia, alifungua tu mlango amwonyeshe foleni. Akina mama walikuwa kwenye benchi tangu alfajiri, wengine wametembea toka vijiji vya mbali.

"Uniambie wewe, dada," alisema. "Niwarudishe?"

Tereza akatazama, akavaa glavu.

Makaburini kila mtu alichota udongo kiganja kimoja. Miguu ilikuwa imesimama mbele, mahali pa mtoto wa marehemu. Katekista akaisubiri. Mguu wa kulia ukavuta udongo kwa unyayo, ukausukuma shimoni. Wa kushoto ukafanya hivyo hivyo. Kaburi lilipojazwa, ilipanda juu ikashindilia polepole, kama juu ya mbegu.

Saa hiyo mikono ya Tereza ilikuwa inamshika mtoto wa ishirini na sita, asitikisike.