Swali la Usalama la Ayubu

Mjukuu wangu Ayubu amesoma usalama wa mtandao miaka miwili katika chuo kimoja pale Tanga mjini, na katika miaka hiyo akili imempungua waziwazi. Alipotoka kwao Nguvumali kwenda kujiandikisha alikuwa kijana wa kawaida, anasalimia watu, anakula kilichopo. Muhula wa kwanza haujaisha akaanza kuziba kamera ya simu yake kwa plasta ya kidonda. Muhula wa pili akaja kwenye hitma ya shangazi yake amevaa glavu za mpira, eti watu wasimwibie alama za vidole. Pilau akaila na glavu zake. Waliokuwepo wapo, waulizeni.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Enzi za mashamba ya mkonge nilikaa kwenye ubao wa simu wa kampuni nikiunganisha wapigaji, na uongo nilikuwa nausikia kwenye waya ungali Muheza, kabla haujafika kwa aliyepigiwa. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizoharibika na kuzifunga zikiwa zimeharibika zaidi. Basi Ayubu akinieleza masomo yake nilimsikiliza kama ninavyomsikiliza muuza dawa wa stendi: kwa starehe, bila kununua.

Mwisho wa masomo chuo kikampeleka mafunzo ya vitendo katika hoteli moja ndogo ya Ushongo. Kazi yake kulinda kompyuta ya mapokezi, ambamo mna majina ya wageni, pasipoti zao na siku zao za kufika. Mkufunzi angekuja kutoka chuoni ajaribu kuingia humo bila kupewa ruhusa. Akishindwa, Ayubu anavaa joho mwezi wa kumi na moja na hoteli inamwajiri. Akiingia, Ayubu anarudia mwaka. Mama yake alishashona nguo ya mahafali. Ayubu mwenyewe alishaazima joho, akapiga nalo picha, na kila aliyekuwa na simu pale Nguvumali alishaiona.

Nikaalikwa nikashuhudie ushindi. Kutoka kwangu Mwera si mbali, nikapanda bodaboda.

Nilimkuta mapokezi amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba, kitambulisho cha chuo kinaning'inia kifuani, kikubwa kama kisahani cha chai. Khadija, dada wa mapokezi, alikuwa amenuna. Akanieleza habari yote kwa sauti ya kunong'ona iliyokusudiwa Ayubu aisikie. Kumbe huyu bwana kawawekea nywila ndefu kama dua ya kufungua kikao, yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na vialama ambavyo Khadija hajui hata kuvitaja, na kila Jumamosi inabadilika. Hakuna binadamu aliyeweza kuikariri. Kwa hiyo kila asubuhi Khadija anabonyeza palipoandikwa "nimesahau", mashine inamuuliza swali la usalama, anajibu, anaingia. Ayubu naye anaingia hivyo hivyo. Mlango wa mbele umetiwa kufuli saba, na wenye nyumba wote wanapitia uani.

Nikamuuliza mjukuu wangu hilo swali kalitoa wapi. Akasema kwenye kozi walifundishwa kwamba Wazungu huuliza jina la ukoo la mama kabla hajaolewa. Kwetu halifai, mama zetu wakiolewa hawabadili majina. Basi yeye akatunga swali lake, linalolingana na mazingira ya hapa, na wafanyakazi wote kawawekea hilo hilo. Nikamuuliza swali gani. Akavua miwani, akanitazama kwa huruma.

"Hiyo siri ya kitaalamu, Babu. Siwezi kukwambia."

"Hata mimi?"

"Hasa wewe."

Mkufunzi akafika kabla ya adhuhuri. Madam Yudith, mama mfupi mwenye kikapu cha ukili mkononi, ungedhani anapita kununua samaki. Ayubu akamwamkia kwa Kiingereza, kisha akamhutubia kuhusu kuta na ngome na matabaka ya ulinzi. Yule mama akaomba chai, akainywa yote hotuba ikiendelea. Alipoweka kikombe chini akahamia kwenye kompyuta, akachagua akaunti ya Ayubu, ile kubwa inayofungua kila kitu. Nywila hakuijaribu hata moja. Akabonyeza "nimesahau".

Kioo kikauliza: Jina la babu yako mzaa baba ni nani?

Nilishika meza. Nchi hii kila mtu aliyewahi kukanyaga shule ana majina matatu, lake, la baba yake, la babu yake, na yanafuatana naye kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi kwenye jeneza. Madam Yudith akageuka na kiti, akamtazama Ayubu kifuani. Ayubu akadhani kitambulisho kimempendeza. Akakinyoosha asome vizuri.

AYUBU RAMA MWINYIJUMA.

Yule mama akanigeukia mimi.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye babu mzaa baba?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi. Jina langu..."

"Usihangaike, mzee. Ninalo."

Akaandika. Kompyuta ikafunguka kwa adabu zote, na wageni wa hoteli wakajipanga pale na pasipoti zao. Kisha akamtazama Khadija, naye kifuani ana kijibati chake cha jina, majina matatu. Akaingia na kwa Khadija.

Ayubu akasema hiyo si halali, Madam amesoma kitambulisho.

"Mwizi akija atafumba macho?"

Akasema basi tatizo ni watu, mfumo hauna kosa. Akataja sura ya kitabu. Akataja nguo aliyoshona mama yake. Madam Yudith alikuwa ameshafunga kikapu. Akamwambia arudie mwaka, na kwamba akija tena chuoni aje na macho yake mwenyewe, miwani aiache. Khadija akauliza kama sasa wanaweza kurudishiwa paswedi yao ya zamani. Kisha akakaa kwenye kompyuta, na nadhani alijirudishia mwenyewe.

Tulipobaki wawili, ndipo Ayubu akakitia kitambulisho mfukoni. Nikafikiri amepata aibu, na aibu ingemfaa. Kumbe alikuwa anapanga.

"Babu, kule shambani si walikuwa wanakuita Bwana Simu?"

"Walikuwa wananiita."

"Nikikata rufaa, njoo useme hilo ndilo jina lako. Useme Mwinyijuma ni makosa ya shule."

Nimesema uongo mwingi maishani, na mwingine nimenyweshwa kahawa kwa ajili yake. Huo niliukataa, maana haukuwa hata na ladha. Nikamwambia ampigie mama yake, nguo irudi kabatini kabla majirani hawajaizoea.

Akapiga. Akamung'unya maneno, mfumo, kanuni, mkufunzi mwenye chuki. Mama mtu akauliza mara mbili: kafeli somo gani? Ayubu akanisukumia simu.

"Kanifeli mimi," nikamjibu mkwe wangu. Kisha nikamweleza taratibu, tangu mwanzo, na sikuongeza chumvi hata punje. Haikuhitajika.