Kivuli cha Eusebio Kimeachiwa

Jumanne asubuhi hakimu wa kaunti alifuta kesi ya Eusebio Tzoc ya kuendesha gari bila leseni, na kabla ya chakula cha mchana kivuli chake kikarudi nyumbani.

Mkewe, Petrona, alikuwa jikoni. Kivuli kiliingia, kikavua viatu mlangoni, kikaketi kwenye kiti cha karibu na jokofu. Petrona akachungulia nje. Hapakuwa na mtu.

Akapiga simu jela. Aliyepokea ni naibu sherifu Randall Tidwell, ambaye huimba naye kwaya ya kanisani.

"Kaunti imemwachia, dada Petrona. Kilicho chetu tumekitoa."

"Na mwili wake?"

"Mwili una karatasi ya uhamiaji inayosema azuiliwe, hana kibali cha kuishi nchini. Uko selo ileile, kitanda kilekile, ila sasa ni wa serikali kuu. Sisi tunawatunzia tu."

"Si wewe uliyeniambia nimlete, kaka Randall? Ulisema alama za vidole tu, jioni atakula kwake."

"Nilisema ataachiwa. Si ameachiwa?"

Petrona akakata simu. Eusebio hakutaka kwenda. Ni yeye aliyempigia shati pasi na kumwambia, "Acha woga, Randall ni ndugu yetu." Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyeifua nguo hiyo.

Binti yao Lidia alirudi kutoka shuleni, akaenda kukaa mapajani mwa baba yake, akaanguka sakafuni. Akahamia kiti kingine. Kila saa kumi na moja jioni, saa ya kuhesabu wafungwa, kivuli kilisimama ukutani, mikono nyuma, kisha kikaketi tena.

Jumamosi Randall alifuata dazeni yake ya tamale, madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa ndani ya maganda, kabla ya zamu, kama kawaida. Alikizunguka kivuli kwa adabu asikikanyage.

"Habari za siku, Eusebio."

Petrona akafunga tamale kumi na mbili, akaongeza mbili.

"Hizi mbili mpelekee kule selo."

"Chakula cha nje hakiruhusiwi, dada. Sheria si yangu." Akazitazama. "Lakini usizirudishe, nitazila mimi."

Akaondoka nazo zote. Kutoka pale hadi jela ni dakika ishirini kwa gari.

Dakika ishirini zilipopita, kivuli kiliinua kichwa na kunusa. Petrona akajua Randall ameketi mezani pake mbele ya selo, na amemenya ganda la kwanza.