Turudishieni Bwana Brown

Mwaka mzima, katika tawi letu la chuo kikuu hapa Nchelenge kando ya ziwa, tulikuwa tukimuua Bwana Brown. Kila mwanafunzi wa uuguzi, akijifunza kutangaza kifo, alisimama mbele ya darasa na kuwaambia "ndugu" zake kwamba amefariki. Hatukujali. Mzungu wa kitabuni, hata afe kila wiki, nani atamlilia?

Kisha mwalimu wetu, Dokta Thandiwe, akarudi kutoka kwenye semina Lusaka, kichwa kimejaa mambo mapya. Darasani kuna Wabemba, Wakongo kama mimi na watu wa visiwani, alisema, basi masomo yafanane nasi. Katika mtihani wa leo kila mmoja atangaze kifo cha mtu wa nyumbani kwake, kwa jina.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Kwetu kifo kikishatangazwa kwa jina, kilio kinafuata, na kilio kikianza lazima kipate mtu wake, afe kweli. Kaka yangu Méschac, ndugu pekee niliyebaki naye tangu tukimbie Kongo, alikuwa ziwani asubuhi ile, akivuka na samaki kutoka Kilwa, ile ya ng'ambo upande wa Kongo.

"Dokta, mi siwezi," nilimwambia. "Uturudishie ule muzungu."

"Ni igizo tu, Priscille. Bila jina la nyumbani, utafeli."

Orpha wa Mununga, aliyeketi mbele yangu kuigiza ndugu wa marehemu, akaninong'oneza, "Usimutaje ule iko ku maji."

Hasira ilinipanda. Igizo tu? Nikasimama wima, nikasema kwa upole, kama tulivyofundishwa, "Poleni sana. Dokta Thandiwe amefariki."

Hakuna aliyecheka. Orpha akaweka mikono kichwani, akalia, na kilio kilikuwa cha kweli. Wanawake waliokuwa wakianika samaki nyuma ya ukuta wakakipokea. Wakaingia, vitenge wamejifunga viunoni, wakaketi sakafuni wakiita jina lake.

"Niko hapa!" alisema Dokta. Akamshika mama mmoja bega. Mama yule akajipangusa pale alipoguswa, akaendelea kulia.

Dokta akanigeukia. "Priscille, waambie. Niambie tu kwamba unaniona."

Nilimwona vizuri. Nilimwonea huruma pia. Lakini kama ningemjibu, kilio kile kingemtafuta nani badala yake? Méschac alikuwa bado hajafika.

Nikaketi sakafuni, nikalia pamoja nao.