Dawa ya Meno Pajani mwa Rozina

Pale Pito nani asiyemjua Albina? Ndiye mhudumu wa afya wa mtaa, mwenye sauti isiyohitaji spika. Mkutano uliopita aliwasema wanaopaka dawa ya meno kwenye majeraha ya moto mpaka watu wakainamisha vichwa.

Sasa asubuhi hiyo binti yake Rozina, wa miaka mitatu, akavuta sufuria ya uji wa ulezi. Uji wa moto ukammwagikia, ukamganda pajani. Mama mkwe wa Albina, Bibi Coleta, akaja mbio na ndoo ya maji baridi, kama alivyofundishwa mkutanoni. Na mwalimu mwenyewe? Akili ilimruka. Alimsukuma bibi wa watu, akafuta uji kwa kanga, akaminya dawa ya meno mpaka tyubu ikaisha.

Kule zahanati, nesi Polikarp alimpa mtoto dawa ya maumivu, akaanza kuosha ule weupe taratibu, maana jeraha lililofunikwa halipimiki. Akauliza nani kapaka. Albina akatazama kina mama kwenye benchi, wote wanafunzi wake.

"Ni mama," alisema, akimwonyesha mkwewe.

Bibi Coleta alimtazama tu, kisha akamgeukia mtoto. Loo, Albina alitamani ardhi ipasuke immeze.

Nesi akalinganisha jeraha na kiganja cha Rozina mwenyewe, pamoja na vidole: viganja viwili, kama asilimia mbili ya mwili. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, chini pekundu, penye majimaji, na pakiguswa tu mtoto analia. Afadhali analia, alisema nesi. Jeraha lingekuwa jeupe, kavu, lisilouma, moto ungekuwa umezama ndani. Akafunga bandeji.

"Mama mhudumu, hebu mfundishe bibi, na wengine wasikie."

Albina akaanza. Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Usipake kitu. Funika kwa kitambaa safi, mlete mtoto. Bibi Coleta alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno, kwa upole, kama hajawahi kulisikia. Albina akakatiza somo.

"Ni mimi niliyepaka," alisema. "Yeye alileta maji, nikamsukuma. Nimemsingizia."



"Kwa kuwa umeshasema, mwanangu," alisema Bibi Coleta, "basi nesi aniangalie na kiwiko. Nilianguka uliponisukuma. Sikutaka wakuulize."

Akapandisha mkono wa sweta. Kiwiko kilikuwa kimevimba, na kutoka nyumbani mpaka pale Albina hakuwa amemtazama hata mara moja.