Kikombe cha Kaka Ofisini kwa Wakili

Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yao, na jina likamganda hata alipoanza kuota mvi. Kaka yake alikuwa na malori yake na nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe. Kitinda alikuwa na Mama. Miguu ya Mama ilipogoma, ni yeye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akamkata kucha, akasikiliza hadithi zilezile na kucheka palepale pa kuchekea.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya Mama, ameachiwa na marehemu mumewe. Ilikuwa ya ghorofa, yenye ngazi za mbao ambazo Kitinda alizisugua mpaka akawa anazijua kwa magoti.

Mama alipoona siku zinayoyoma, akamwita wakili wa familia. Huyu hakuwa wakili wa kila mtu. Alihudumia wenye nazo, na wateja wake hawakujua foleni. Tena ofisini kwake mteja haulizwi atakunywa nini. Ukishaagiza mara moja, wameshakariri. Hata alipokuja nyumbani, katibu wake alibeba chupa ya chai ya tangawizi isiyo na sukari, vilevile apendavyo Mama. Mama akalainika hapohapo.

"Mwanaume anayekumbuka chai ya bibi kizee, huyo hana baya," akamnong'oneza binti yake.

Maskini Mama. Wema wa chai aliuchukua kuwa wema wa moyo.

"Andika, mwanangu," akamwambia wakili. "Nyumba hii ya Kitinda. Kitakachobaki chote, cha kaka yake."

Kaka alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Akaitikia kwa kichwa. "Haki yake, Mama. Nani asiyeona?"

Kitinda alisikia yote akiwa mlangoni na beseni la maji. Akaliweka chini polepole, maji yasimwagike.

Wakili aliporudi na wosia umeshachapwa, katibu hakuja naye. Alikuja na dereva tu, chupa ya chai mkononi. Wakasema wanatakiwa mashahidi wawili. Dereva mmoja, bado mwingine.

"Si nimwite jirani?" akauliza Kitinda.

"Jirani wa nini?" Kaka akacheka. "Siri ya Mama ukaitangaze mtaani? Wewe ndiye macho yake, Kitinda. Usiposhuhudia wewe, ashuhudie nani?"

Kitinda akamtazama wakili. Wakili alikuwa anafungua kalamu, nzito, ya kung'aa. Akampa bila neno. Kitinda akafuta mikono kwenye gauni, akatia sahihi polepole, ulimi umebanwa na meno, na Mama akatabasamu pale kitandani: "Leo binti yangu amekuwa mtu wa sahihi."

Hapo ndipo ninapowaomba wenye mabinti wasimame kidogo. Neno moja tu lilikosekana chumbani mle: wewe ni wakili wa nani? Kuuliza si utovu wa adabu.

Mama alikufa usingizini. Msiba ulipokwisha wakaitwa ofisini. Chini mlangoni, Kaka alimwuliza mlinzi ofisi ya wakili iko ghorofa ya ngapi. "Mimi huku mgeni," akamwambia dada yake, wakapanda pamoja.

Katibu akamkaribisha Kitinda kwenye kochi linalommeza mtu. "Dada, utakunywa nini? Sukari unatumia?"

"Maji tu, mama."

Wakili akasoma. Alipofika kwenye nyumba, akavua miwani.

"Hapa pana tatizo. Aliyeshuhudia wosia hapewi kitu na wosia huohuo. Fungu lake linaanguka, linaingia kwenye kilichobaki. Na kilichobaki ni cha kaka yako."

Kitinda alitamani sana liwe kosa. Mtu akikosea, mnasameheana. "Ulisahau?" akauliza.

"Siku ile mambo yalikuwa mengi," akasema wakili, akiifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

"Sheria ni msumeno, Kitinda," akasema Kaka.

"Msumeno haukati wenyewe, kaka. Una mshikaji."

Mlango ukafunguka. Katibu akaweka bilauri ya maji mbele ya Kitinda, na mbele ya Kaka kikombe kikubwa cha buluu: kahawa nyeusi, kipande cha limau kinaelea juu. Hakuna aliyekuwa amemwuliza atakunywa nini.

"Kama kawaida yako, bosi," akasema katibu kwa heshima zake, akatoka.

Kaka akakifunika kikombe kwa kiganja. Lakini mvuke ulikuwa unapita katikati ya vidole, na harufu ya limau ilishamfikia Kitinda. Ofisi hii haikariri mgeni.

Wakili akasukuma karatasi nyingine mezani, na kalamu ileile. "Kaka yako ana huruma. Amekutengea chumba cha uani. Tia sahihi hapa kwamba huna dai."

Kitinda akaiweka mikono yake mapajani. "Kalamu hiyo nilishaishika mara moja. Inatosha."

"Usinitie aibu mbele za watu," Kaka akasema kwa sauti ya chini.

"Kunywa kahawa yako, kaka. Itapoa."

Alishuka kwa miguu yake mpaka barabarani, akauliza, akaelekezwa kwa wakili mwingine, mwanamke mwenye chumba kimoja na benchi nje. Akapanga foleni. Humo ndani hakuna aliyempa hata maji. Mwanamke yule alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta karatasi.

"Siwezi kukuahidi kushinda. Ila tukitaka kusema ulihadaiwa, lazima umtaje mtu. Nani aliyekuambia utie sahihi?"

Kitinda akafungua mdomo, jina likakataa kutoka. Lilikuwa jina alilojifunza kulitamka kabla hajajua kutembea, akimwita huyohuyo aje ambebe.

"Chukua muda wako, dada," akasema wakili.

"Andika," akasema Kitinda. "Andika ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."