Poda ya Védastine

Siku ya kutetea tasnifu, Profesa Mulume alimtafuna Védastine mpaka mfupa. Tasnifu ilihusu jinsi Romania ilivyotoka kwenye ukomunisti ikaingia kwenye soko huria: watu walicheza barabarani, kisha viwanda vikafungwa, wakalia. Profesa akatamka kwa Kifaransa kitamu, akitabasamu, kwamba kazi hiyo haifai hata kufungia maandazi, na kwamba amefeli.

Nyuma walikaa akina mama kutoka mashamba ya mpunga ya Bugarama, wote wamevaa kitenge cha sare moja. Kifaransa hawakijui. Waliona tu mzee mwenye joho akimchekea mtoto wao. Maman Nsimire akapiga vigelegele, akakimbia mbele, akammwagia binti yake poda kichwani, kama wanavyomwagiwa waliofaulu. Wenzake wakaanza kucheza.

“Maman, acha,” Védastine alinong'ona, poda imemjaa mdomoni.

“Niache nini? Leo ni siku yetu!”

Mlinzi akaja kuwatoa. Profesa akamzuia, akasema kwa Kiswahili cha mtaani, kwa sauti:

“Baache bacheze. Hata bantu ba Romania balianza na kucheza.”

Akina mama, kwa kuwa sasa walimwelewa, wakampigia makofi.