Hongera ya Mama Tabeket

Majirani walikuja kunipongeza. Mamba alikuwa amemchukua binti yangu Tabeket akiteka maji mferejini, na kwetu anayechukuliwa na mamba ameitwa na Sobek mwenyewe, mungu wa mamba, kwa hiyo hakuna kulia. Mutirdis wa nyumba ya pili alileta mkate na bia.

"Hongera, shoga," akaniambia. "Wangu mimi wanaishia kufa na homa tu."

Nikaula ule mkate. Haukuwa na ladha yoyote.

Kisha ikaja habari kwamba mwili umeibukia Shedet, mji wa Sobek. Mji unaomwokota aliyechukuliwa ndio unaomzika, kwa heshima zote, na ndugu wa damu haruhusiwi kumgusa hata ukucha. Nilijua. Nani asiyejua? Nikajifunga kitambaa kichwani nikaenda hivyo hivyo, maana nilitaka kumwosha mwanangu, basi.

Hekaluni, mamba wao mtakatifu alikuwa akiota jua kando ya bwawa, bangili za dhahabu miguuni, ameshiba keki za asali mpaka tumbo limemlemea. Mahujaji walimsujudia, nami nikasujudu. Sikumchukia. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata chuki sikuwa nayo.

"Wewe je, una shida gani?" akaniuliza Tadihor, mama mnene aliyewasimamia waosha maiti.

"Natafuta kazi. Kwetu nilikuwa mwosha."

"Hee! Siku hizi kila mwenye mikono miwili ni mwosha." Wenzake wakacheka. "Haya, bahati yako leo tumepungua. Huyu ametoka majini. Unamjua?"

Akafunua kitani.

"Simjui," nikasema.

Neno lilitoka kirahisi, kama kutema kokwa ya tende.

Nikamwosha. Upande wa kushoto sitausema. Nilimtoa mchanga masikioni, jambo ambalo akiwa hai hakulikubali bila kupiga mayowe nyumba nzima.

"Taratibu, mama," akasema Tadihor nyuma yangu. "Huyo si sufuria ya kusugua masizi."

Wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Ndiyo, nilicheka, sijui kicheko kilitoka wapi.

Akaingia kuhani, mzee Horudja, na kalamu yake ya tete, aandike kwenye jeneza.

"Jina lake nani?"

"Hajulikani, bwana," akajibu Tadihor.

"Basi nitaandika 'Wa Sobek'. Inatosha."

Itatoshaje? Huko wafu waendako mtu huitwa kwa jina. Asiyeitwa huyo amekwisha, kana kwamba hakuzaliwa. Nilikuwa nimekishika kichwa chake mikononi. Nikinyamaza, nitabaki naye siku zote za kumkausha kwa magadi, mpaka afungwe sanda. Nikisema, sitamwona tena. Kuhani akachovya kalamu.

"Tabeket," nikasema.

Akageuka. "Aliyezaliwa na nani?"

Maana jina la maiti haliandikwi bila la mama yake. Wote wakanitazama.

"Na mimi. Naitwa Heret."

Hakuna aliyenipiga wala kunitukana. Tadihor alinitoa vidole kwenye nywele za mwanangu, kimoja kimoja.

"Mama wee," akaninong'oneza. "Si ungenyamaza tu?"

Kuhani aliandika majina yote mawili, lake na langu, akapuliza wino ukauke. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Aoshwe upya. Ameguswa na damu yake."

Wakanitoa nje, wakafunga mlango. Nilisimama pale ukutani nikisikia mitungi ya maji ikimiminwa, mmoja baada ya mwingine, na wale wanawake wakimsugua kwa magadi kila mahali nilipomshika.